Kumbukumbu ya mradi: paneli za kuonyeshea vigae vilivyochorwa

Jozi ya kwanza ya paneli imekamilika na sasa inasimama yenyewe. Michoro yangu ni ya rangi ya mafuta, kwa mtindo ambao Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, ila mimi huchora juu ya vigae vya sentimita 20 kwa 20. Kila paneli hubeba vigae 28, yaani takribani kilo 18 kabla ya kuhesabu ubao wenyewe. Uzito huo ndio ulioamua muundo wote: plaiwudi hujipinda kidogo inapobebwa, kigae hakijipindi, na kinachopasuka ni kigae. Ndiyo maana paneli husafiri tupu na vigae husafiri peke yake.

Kwa hiyo sikutumia gundi wala saruji. Kwenye plaiwudi ya milimita 12 nimefunga kwa skrubu papi (vipande vyembamba vya mbao) za mninga zilizochongwa mifuo, yaani mitaro myembamba: kila papi ina mfuo wa kina cha milimita 12 upande wake wa chini na wa milimita 5 upande wake wa juu. Kigae huingizwa kwanza katika mfuo wa papi iliyo juu yake, kikainuliwa, kisha kikashushwa katika mfuo wa papi iliyo chini yake, kama vioo vya kabati la dukani. Nafasi kati ya papi na papi ni milimita 190, na hapa sikuruhusu makisio, kwa kuwa ikizidi kwa milimita 5 tu, ukingo wa juu wa kigae haushikwi tena.

Miguu nimeiacha kabisa, maana wageni huikwaa. Paneli mbili, kila moja ya sentimita 90 kwa 180, zimeunganishwa kwa bawaba za kuchomoa pini. Zikifunguliwa kwa nyuzi 90 hupata kitako cha kina cha sentimita 64 hivi. Ndani ya ukumbi hilo linatosha. Uani nitaongeza mifuko ya mchanga kwenye papi za chini, kwa sababu kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake kwenye ubao huongezeka mara nne.

Kinachofuata ni masanduku ya vigae, yatakayovisimamisha wima, huku kila uso uliochorwa ukitenganishwa na jirani yake kwa karatasi laini ili rangi isikwaruzwe.