Herufi tatu za Minova zilivyopotea

Mzee katibu wa ushirika aliniwekea simu yake mezani, hapa kazini kwangu Ibanda, Bukavu, akauliza: “Mutoto wangu, Minova imeenda wapi?” Nikatazama. Kwenye kisanduku cha kwanza, cha kituo cha Minova, paliandikwa “ova”. Chini yake “are”, yaani Kabare, na Katana ilibaki “ana”. Ila kilo za kila kituo, upande wa kulia, zilikuwa kamili.

Ilikuwa kanuni ya wakulima wa kahawa, niliyoiandaa kwa HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ili isomeke kwenye simu na pia ichapwe. Ibara nazipanga hivi kila mara: nambari inajitokeza pembeni, maneno mengine yote yanasimama wima kwenye mstari mmoja. Mkutanoni wazee hushusha kidole pembeni mwa ukurasa mpaka waikute ibara inayosomwa. Nambari ikizama ndani ya maneno, msomaji anaachwa nyuma, na mimi sitaki mtu aachwe nyuma kwenye kanuni inayohusu kahawa yake. Katika CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, mpangilio huo huhitaji amri mbili zinazotegemeana: padding-left: 2em (mara mbili ya ukubwa wa herufi) inasogeza ibara nzima ndani, kisha text-indent: -2em inaurudisha nje mstari wa kwanza tu. Zote mbili niliziweka kwenye li, alama ya HTML inayobeba kila ibara.

Ibara ya 7 ndiyo yenye vituo vya kupokea kahawa. Jedwali lilikuwa pana mno kwa simu, nikatumia visanduku vya div, alama ya HTML ya kisanduku cha kawaida, kila kimoja na overflow: hidden ili maneno yasimwagike nje.

Kwanza niliongeza nafasi ya ndani ya visanduku. Majina yakarudi, lakini jina refu likishuka mstari wa pili linaingia ndani kupita kiasi, na kilo zikabanwa. Nikaifuta. Nikajaribu jedwali halisi mahali pale pale, likatoka safi kabisa! Hilo lilinipotezea asubuhi nzima, kwa sababu niliamini sasa kwamba kosa liko kwenye div zenyewe, nikawa nazichokonoa moja moja.

Jibu nililipata nilipofungua mkaguzi wa kivinjari cha Firefox, unaoonyesha amri za kila sehemu ya ukurasa, na kubofya kisanduku cha Minova. Chini ya amri zake mwenyewe kulikuwa na kundi lingine, lililoandikwa kwamba limerithiwa kutoka li, na ndani yake text-indent. Basi. Amri hii hurithiwa na kila kilichomo ndani, tangu CSS ya kwanza ya mwaka 1996, padding hairithiwi. Mtoto alirithi deni la baba, shamba la kulilipia halikumfikia. Kila kisanduku kilivuta mstari wake wa kwanza nje, bila nafasi ya kuupokea, na overflow: hidden ikakata kilichotoka.

Hata kipimo kilikubali. 2em ilihesabiwa kwenye li, ambapo herufi ni pikseli 16, kwa hiyo kilichorithiwa ni pikseli 32. Kisanduku kilikuwa na nafasi ya pikseli 4 tu. Zilizobaki 28 ni kama upana wa M, i na n.

Kilo zilisalimika kwa kuwa zimeegemea kulia, na amri hii husogeza upande mstari unakoanzia. Jedwali nalo lilisalimika kwa sababu kivinjari, katika mpangilio wake wa mwanzo, huirudisha text-indent kwenye sifuri kwa table, na vilevile kwa vitufe na sehemu za kujaza maneno. Div haina kinga hiyo.

Niliandika text-indent: 0 kwenye visanduku, nikampelekea mzee. Aliyasoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine, mpaka mwisho.

Jioni ile nikahamisha amri zote mbili kutoka li kwenda kwenye p, aya yenye nambari na maneno ya ibara. Nafasi na mvuto sasa vinakaa mahali pamoja, na p haiwezi kubeba div ndani yake, kwa hiyo visanduku vinakuja baada ya aya, nje ya urithi wake. Kanuni mbili nyingine nilizowahi kuandaa kwa mtindo ule wa zamani nimezifungua tena. Moja ina visanduku vya michango kwenye ibara ya 12, nimeshavirekebisha.