Saa kumi alfajiri, hakuna wa kumgeuza

Saa 10 alfajiri macho yanafunguka yenyewe. Nimeshashusha mguu natafuta kandambili ndipo nakumbuka: hakuna wa kumgeuza. Kiharusi kilimlaza mama miaka 2, na kila baada ya saa 2 nilimgeuza ubavu asije akapata vidonda. Huu ni mwezi wa 4 tangu tumzike, ila mwili wangu bado haujapata taarifa.

Zamani ningepiga magoti. Siku hizi nasema tu, "Baba, nimeamka." Maneno mengine yamegoma, na nimeacha kuyalazimisha.

Saa 1 na nusu nashuka daladala Majengo. Upepo wa Dodoma wa mwezi wa 8 mnaujua. Vumbi limeingia mpaka kwenye bobini. Nafuta cherehani, natia mafuta, naanza sare za shule. Kufika saa 4 mkono wa kushoto nimeshaubandika kulia mara 2. Kufumua uzi wa bluu kwenye kitambaa cha bluu, kwa macho yasiyolala, ni adhabu.

Anakuja mteja na kitenge chake, na pole zake. "Usilie, dada. Bwana alitoa, Bwana ametwaa." Naitikia amina, nitafanyaje. Lakini jamani, maneno yale aliyasema Ayubu mwenyewe, mfiwa. Rafiki zake walikaa naye chini siku 7, usiku na mchana, kimya. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu.

Saa 7 ndiyo saa yangu. Mbele ya kibanda yupo bibi wa Kigogo anayeuza mlenda mkavu.

"Mbukwenyi, bibi."

Anaitikia, ananisogezea bakuli. Ugali wa uwele na mlenda. Haniulizi naendeleaje. Nikizubaa anagonga ukingo wa bakuli kwa kidole: tonge jingine. Mlenda nao una heshima yake. Koo likiziba kwa kilio, wenyewe unateleza tu.

Saa 9 nafunga mapema kwenda kwa mshauri. Mchungaji ndiye aliyenisukuma: "Kuomba tutaomba, mwanangu, ila miezi 4 bila usingizi, nenda hospitali." Niliogopa. Mji huu ndio wenye Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili; ukisema tu kichwa kimechoka, utani unaanza. Kumbe ni chumba chenye viti 2 na dada anayeuliza nimelala saa ngapi, anaandika. Leo nimemwambia nililokuwa sijamwambia mtu, hata Mungu nilikuwa namzunguka. Mama alipokata roho, kitu cha kwanza kunijia kilikuwa: leo nitalala.

Hakushtuka. Akanisogezea maji, akasubiri nimalize kulia.

Saa 1 usiku ni ibada ya nyumba kwa nyumba, na zamu ya kuomba ni yangu. Nasema siwezi. "Basi kaa hapo hapo," anasema mama mmoja, "tutaomba sisi." Anasoma Zaburi ya 88, ile inayoishia gizani, haina hata mstari wa shangwe mwishoni. Anafunga Biblia. Hakuna aliyeongeza neno.

Saa 4 usiku. Yule mama kamtuma binti yake aje alale kwangu wiki hii. Amelala chali, anakoroma kama mashine ya kusaga. Namgeuza ubavu taratibu, ananyamaza.