Siku moja na gari linalochemsha

Saa moja asubuhi. Gari la mzee, mteja wangu, lililala gereji tangu jana jioni kwa sababu nililitaka likiwa baridi. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto: maji yaliyobanwa kwa presha hupita nyuzi 100 bila kuchemka, ukilegeza tu yanakurukia usoni.

Ni gari la mwaka 1996, silinda nne, la petroli. Linachemsha kila likipanda mlima, halafu limefeli kipimo cha moshi, hidrokaboni, yaani petroli isiyoungua, ziko juu mno. Mzee ameshabadilisha thamostati, rejeta, feni na pampu ya maji, kila kimoja kwa fundi wake. Hakuna hata mmoja aliyempimia. Hilo ndilo linaloniuma katika kazi hii. Watu wanaamini fundi ni mtu wa kufungua na kufunga, kumbe kazi yenyewe ni kutafuta.

Saa mbili mpaka saa nne nilimaliza ya kawaida. Maji yamejaa, mkanda mzima, feni inawaka kwa wakati wake. Dawa ya kupima gesi kwenye rejeta ilibaki bluu. Ingegeuka njano ningejua moto wa silinda unavujia kwenye maji, gasketi ya silinda hedi imekwenda. Kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, nayo sawa silinda zote.

Saa nne na nusu simu ya kwanza. "Fundi, umeshabadilisha nini?" Bado, mzee, napima. "Unapima tangu asubuhi?" Akapiga tena saa tano, na saa sita kasoro. Mara ya tatu alisema mafundi wote tuna lugha moja, tunavuta muda ili bili ikue. Sikumjibu vibaya, kwa umri wake siwezi, lakini mikono ilikuwa imenilegea. Kama ningemwekea thamostati nyingine asubuhi ile, angenishukuru na kuondoka na ugonjwa wake.

Baada ya simu hiyo nilichomoa sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyofungwa kwenye bomba la moshi, nikafunga geji ya presha kwenye tundu lake. Gari likinguruma lenyewe, sindano ilitikisika kidogo tu. Kijana wangu akakanyaga mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na kushikilia hapo. Sindano ikapanda taratibu, ikasimama psi 9. Haikutakiwa kuzidi 3. Moshi hauna pa kutokea! Joto lililopaswa kutoka na moshi linabaki kwenye silinda hedi, dereva naye mlimani anazidi kukanyaga kwa sababu gari limekosa nguvu. Rejeta mpya ingefanya nini hapo?

Masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kilicho kwenye bomba lake, yameziba. Kuyatoa kulikula mchana wote. Nati tatu zilikuwa kutu tupu. Nikazipaka mafuta, nikazichoma, nikangoja, nikazipaka tena, nimelala chali chini ya gari huku vumbi la kutu likiniingia machoni. Mbili zikakubali. Ya tatu ikakatika, boliti yake nikaitoboa kwa drili milimita kwa milimita. Chakula sikukumbuka. Sijui ilikuwa saa ngapi bomba lilipolegea.

Nilipoinamisha masega juu ya gazeti, vilimwagika vipande vya kauri, vingine bado vina vitundu kama vya nyuki, vingine vimeyeyuka na kung'aa kama kioo.

Kauri haiyeyuki bure. Nilifunga milango, nikazima taa, kijana akawasha injini nami nikanyunyiza maji kidogo kwenye nyaya za plagi. Waya wa silinda ya tatu ukatoa cheche nyembamba ya bluu, ikarukia kwenye chuma. Umeme haufiki kwenye plagi, petroli inatoka mbichi na kuja kuungulia ndani ya masega. Hidrokaboni za kwenye kipimo na joto la mlimani vilitoka kwenye waya mmoja uliopasuka.

Mzee alifika jioni, akavitazama vile vipande kimya. Kisha akasema, "Basi weka bomba tupu, fundi. Wengi wanafanya hivyo." Nikamwambia siweki. Masega ndiyo yanayogeuza monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu na inayoua, kabla haijafika kwa mtoto anayetembea kando ya barabara. Na kipimo angefeli tena. Alibisha, tukabishana mpaka giza likaingia, nimechoka hata sauti imekauka. Mwishowe akachukua kipande kimoja, akakigeuza kwenye mwanga wa taa, akaniomba nimwandikie vifaa vya kununua.

Nyaya za plagi niliziandika kwanza, nikazipigia mstari, halafu plagi, halafu masega. Akiyaweka masega mapya na waya ule ule, nayo yatayeyuka.