Mwavuli mwekundu juani

Jumamosi nimerudi nyumbani na punje za mchele kwenye nywele. Nilikuwa harusini kwa mwenzangu wa ofisini, hapahapa Guangzhou, kusini mwa China, na mchele wenyewe haukuwa wangu. Bibi harusi alipotoka mlangoni kwao kuelekea kwenye gari, jua likiwaka na wingu hakuna, somo wake, kungwi wa harusi, alifungua mwavuli mwekundu, akamfunika, akawa anaurushia mchele kumkinga na mabaya ya njiani. Somo, ndiyo. Wakantoni, wenyeji wa huku, nao wanaye, mama mtu mzima wa kukodi, na kila anachofanya anakisindikiza kwa maneno ya heri, hanyamazi.

Mimi macho yalikuwa kwenye mwavuli. Wiki moja kabla nilikuwa nimenunua mwavuli mzuri wa kukunja niutoe zawadi. Mama mwenye nyumba wangu aliuona, akashika kichwa. "Unataka waachane?" Kumbe mwavuli kwa Kichina cha Beijing ni *san*, na *san* ukiishusha sauti ni kutawanyika. Wakantoni wamelikwepa kabisa neno hilo, mwavuli wanauita *ze*, yaani kitu cha kufunika. Ulimi wa nguruwe buchani nao hawautaji kwa jina lake, linafanana na hasara. Wanasema *lei*, faida. Na chumba kitupu? "Tupu" inasikika kama balaa, kwa hiyo tangazo la chumba ninachokaa liliandikwa "nyumba ya heri". Mimi nikadhani ni majisifu ya dalali!

Siwezi kuwacheka. Bibi yangu Tanga, sindano haitajwi usiku, na mwezi wa mfungo tano kwake hakuna posa wala harusi.

Harusi hii yenyewe ilikuwa ifanyike 2024. Mama wa bibi harusi akagoma, kisa mwaka wa mjane. Mwaka wao wa Dragoni ulianza Februari 10, 2024, wakati Lichun, siku inayofungua majira ya machipuko, ilishapita Februari 4. Ukaisha Januari 28, 2025, kabla ya Lichun nyingine. Mwaka mzima hauna machipuko, na atakayeolewa humo atafiwa na mume. Ndoa zilizosajiliwa China nzima 2024 zilikuwa kama milioni 6.1, kutoka milioni 7.68 mwaka wa nyuma. Sidhani sababu ni mwaka wa mjane peke yake, vijana wamepungua na nyumba ni ghali, lakini kwa huyu mwenzangu nilishuhudia: ukumbi ulikuwa umeshalipiwa, na mama hakutaka hata kusikia. Mwaka wa Nyoka uliofuata, ulioanza 2025, ulikuwa na Lichun mbili, basi kila Jumamosi ikawa harusi.

Bahasha yangu nyekundu nilitia yuani 600. Si 400, kwa kuwa nne inasikika kama kifo, wala si 500, maana tano ni witiri, na witiri ni ya msibani. Pale mezani wakaipokea kwa mikono miwili, wakakunja pembe, wakanirudishia. Niliona haya, nikajua wameidharau. Kumbe ndiyo desturi ya watu wa Guangzhou, pembe ikikunjwa nia yako imepokelewa, hela rudi nazo.

Jana mvua ilinyesha. Nikauchukua ule mwavuli uliobaki nyuma ya mlango. Mama mwenye nyumba alinikuta ngazini, akautazama.

"*Ze* nzuri hiyo," akasema.