Siku yangu karakanani: bosi anataka CNC, mi nataka kujua hizi za zamani zinasimama muda gani

Saa 12 na nusu asubuhi nishashuka daladala Vingunguti, harufu ya machinjio imenipokea kama kawaida, natembea mpaka karakanani. Kwa asiyenijua, mi ni msimamizi wa mafundi kukereza vyuma, tunatoa shafti, puli, bushi, vipuri vya mashine za kusaga nafaka. Msimu huu mahindi yanavunwa kule Nyanda za Juu na wenye mashine wote wamekumbuka kwa pamoja kwamba shafti zao zimelika, oda zimejaa mpaka mlangoni, na bosi wiki nzima wimbo wake ni CNC, yaani mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta, tununue CNC. Nikamwambia bosi kwanza tujue hizi tulizonazo zinafanya kazi kiasi gani. Akasema si zinawaka kutwa? Zinawaka ndio, ila kuwaka na kukata chuma ni vitu viwili.

Saa 1. Dogo wa fildi kutoka VETA nimempa karatasi na saa ya simu, akae pembeni ya mashine namba mbili, mashine ikikata aandike, ikisimama aandike na sababu. Mzee anayeiendesha akakasirika, "mnanipima kama mtoto kliniki?" Nikamwambia shikamoo kwanza mzee wangu, halafu tunapima mashine, sio wewe. Hakuamini, ila akawasha.

Saa 2 na nusu ndo mambo yakaonekana. Mzee kamaliza puli, anahamia shafti. Aisee. Ufunguo wa taya zinazoshika chuma hauonekani, kumbe uko kwa mtu wa drili. Spana 19 imeazimwa toka jana upande wa milingi, ile mashine ya kuchimba mifereji kwenye chuma. Mchoro uko ofisini kwa bosi na bosi hajafika. Vyuma vya shafti havijakatwa urefu, msumeno una kazi nyingine. Venia, kile kipimo cha unene na kipenyo, ni moja watu watatu. Mashine ilisimama karibu saa nzima inanguruma bure, na mzee muda wote huo hajakaa hata mara moja, yaani katoka jasho kuliko akiwa anakereza! Ukipita mbio mbio ungesema huyu mzee mchapakazi sana leo, na kweli ni mchapakazi, ila hakuna kipande kilichotoka.

Saa 4 chai, chapati mbili kwa mama ntilie. Nikawasimulia habari ya Mjapani mmoja, mhandisi wa viwanda Shigeo Shingo. Mwaka 1969 pale Toyota kulikuwa na presi, mashine ya kukandamiza bati, ya tani 1,000, kubadilisha dai, ile fomu ya chuma inayolipa bati umbo, kulikuwa kunakula masaa 4. Wakaishusha mpaka dakika 90, mabosi wakasema bado, tunataka dakika 3, na ikafika. Hawakununua presi mpya. Walichofanya ni kutenganisha kazi ambazo lazima mashine isimame na zile unazoweza kuzifanya huku inaendelea kukata. Kutafuta spana hakuhitaji mashine isimame. Kusoma mchoro hivyo hivyo. Dogo mmoja akasema hiyo si kaizen, ile ya Wajapani ya kuboresha kazi kidogo kidogo, waliyofundishwa chuoni? Ndio hiyo hiyo, JICA, shirika la maendeleo la Japani, na wizara ya viwanda wanaizungusha viwandani hapa kwetu toka 2013, tatizo wengi wanaishia kubandika mabango ukutani.

Kabla ya saa 5 tukachukua kile kitoroli cha kubebea mitungi ya gesi, tukakifuta, sheria ni moja: mashine ikiwa inamalizia kazi hii, kazi inayofuata iwe tayari juu ya kitoroli, vyuma vimekatwa, mchoro, visu vimenolewa, ufunguo, spana, venia. Anayekipanga ni dogo sio mkerezaji. Venia ya pili nimetoa hela ya matumizi madogo madogo, bosi atanisema baadae.

Saa 5 na robo tukagusa spidi. Chuma ni EN8, aina ya chuma cha shafti, kipenyo milimita 45, urefu milimita 500. Mzee kazoea kisu cha HSS, kile cha chuma kigumu cha kawaida, chuma kinapita kwenye kisu mita 30 kwa dakika, hiyo ni kama mizunguko 210 kwa dakika, kisu kikisogea milimita 0.2 kila mzunguko, pasi moja, yaani kupita shafti nzima mara moja, inakula karibu dakika 12. Tipu ya kabaidi, kile kincha kigumu zaidi cha kubadilisha, kwa mita 120 ni mizunguko kama 850, pasi ile ile dakika 3. Ila usikurupuke, mashine yetu imechoka, ukipandisha sana inatetemeka na tipu inavunjika kona, na hizi tipu nyingi ukizidisha spidi asilimia 20 tu maisha yake yanaenda karibu nusu. Tukachagua gia ya chini ya hapo, senta ya nyuma, ile ncha inayoshikilia mwisho wa shafti, tukaikaza vizuri, maji ya kupozea yakawa yanatiririka muda wote sio ya kudondosha kwa kopo. Ikatulia.

Saa 7 umeme ukakata. Wali maharage, tukapaka oili, tukasubiri.

Saa 8 umerudi na ndo nikaona kitu ambacho bosi alitakiwa akione kabla ya kuota CNC. Shafti zilizokerezwa zimelala pembeni ya milingi zinasubiri kuchimbwa njia ya kii, ule mfereji wa kufungia puli kwenye shafti. Milingi ni moja, fundi ni mmoja, anafunga shafti moja moja kwenye vaisi. Kadiri mzee anavyokimbia ndo lundo linakua! Sasa ungeleta CNC ya kukereza ungepata nini, lundo kubwa zaidi. Nikamwita bosi, sikuongea sana, nikamwonyesha tu. Akakuna kichwa. Tukatafuta vile vitako vyenye mfereji wa V, tukafunga shafti mbili sambamba, zinachimbwa kwa mfungo mmoja.

Saa 9 na nusu mzee akanivuta pembeni. Akasema kijana wangu, sisi tunalipwa kwa kipande, nikitoa shafti nyingi mwisho wa mwezi bosi anasema kumbe rahisi, anashusha bei, nishayaona hayo sehemu nyingine. Mi nadhani hapa ndo karakana nyingi zinapofia, fundi anajua njia ya haraka na anaificha kwa sababu ana akili. Nikamfuata bosi tena, tukabishana mpaka akaandika kwa maka pen kwenye ubao, bei ya kipande haishuki mpaka oda iishe. Mzee akauliza, na ikiisha? Bosi akasema tunakaa mezani, tunaongea.

Mzee akaenda kabatini kwake akatoa stopa aliyoitengeneza mwenyewe, inafungwa kwenye reli ya mashine, kisu kikifika kwenye bega la shafti, pale kipenyo kinapobadilika, gari linalobeba kisu linagota hapo hapo, hupimi urefu kila kipande. Inaonekana alikuwa nayo siku nyingi.

Saa 11 jioni kitoroli kimepangwa bushi za kesho, karatasi ya dogo nimempa bosi aende nayo nyumbani. CNC hajaiacha, ila wakati natoka nimemsikia kwenye simu anaulizia bei ya milingi iliyotumika.