Unga wa Nyarugusu

Kwetu Kigoma unga wa msaada haujifichi. Unaukuta sokoni umemiminwa kwenye beseni, gunia lake limetandikwa chini kama mkeka, maandishi yakiwa juu kila mtu ayasome. Na mimi nilikuwa mmoja wa wasemaji: "Wakimbizi wameshiba hao, wangekuwa na njaa wangeuza?" Nilisema hivyo mpaka Agosti 2017, parokia yetu iliponituma na wenzangu watatu kupeleka sabuni na kanga Nyarugusu, kambi ya wakimbizi.

Kambini huingii tu kwa sababu una gari na moyo mwema. Ni mpaka uwe na kibali, nacho kilitusumbua kweli. Siku kilipopatikana tuliondoka alfajiri. Hadi Kasulu tulikuwa tunapiga soga. Kuanzia hapo kuelekea Makere, kila mtu kimya, mdomo umefunikwa. Kiangazi kilikuwa kimekolea, na ingawa tulifunga vioo tulifika nyusi nyekundu kama tumepakwa hina.

Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu ya Kusini, kwa hiyo nilikuta humo watu wazima waliozaliwa humohumo. Warundi walifuata kwa wingi 2015, na hao nawakumbuka kwa macho yangu. Mei ile meli ya MV Liemba ilienda na kurudi kuwachukua Kagunga, kijiji cha ufukweni kisicho na barabara, kipindupindu kikiwa kimeshaingia. Uwanja wa Lake Tanganyika ukajaa watu na mabegi. Nilibeba ndoo za maji pale siku mbili, nikarudi kwenye shughuli zangu.

Sabuni zetu tuligawa chini ya saa moja. Zilikuwa chache, tena mbele ya watu wengi vile niliona aibu.

Siku hiyo ilikuwa ya mgao. Foleni ndefu, kadi mkononi, unga, kunde, mafuta, chumvi. Nikaambiwa kwamba fedha za wafadhili hazikutosha, na mwezi huohuo Mpango wa Chakula Duniani umeshusha mgao hadi asilimia 62 ya kilokalori 2,100 anazohitaji mtu kwa siku. Asilimia 62 kwenye karatasi ni tarakimu tu. Mimi niliiona kwa mama mmoja aliyetoka upande wa Bukavu, Kongo, aliponikaribisha kwake nikae kivulini.

Alitandika kitenge, akamimina unga wote, akaanza kuupima kwa kikombe cha plastiki kilichovunjika mkono. Watoto sita wamekaa, hakuna anayecheza. Vikombe vya wiki ya kwanza huku, vya wiki ya pili kule. Kabla hajafika ya nne alisimama, akarudi nyuma, akapunguza kikombe kimoja kimoja kila fungu. Kisha akachota kutoka hapohapo penye upungufu, akajaza kiroba pembeni.

"Huo unauza, mama?"

Akacheka. "Kuuza ni wewe, papa. Miye ninauzisha."

Nilichukua muda kuelewa kwamba kwao kuuza ni kununua. Nikamuuliza sasa kwa nini anauzisha wakati hautoshi. Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anapumua. "Bukari bila mboga, watoto batakula na nini? Na kuni?"

Kuni hazimo kwenye mgao, nadhani ndiyo sababu sisi wa mjini hatuzihesabu. Kutoka nje ya kambi bila ruhusa ni kosa, na wanawake wanaoingia porini kuokota wanajua hatari yake. Kwa hiyo unga wa wiki ya nne ndio unaopika unga wa wiki ya kwanza. Ukibaki kidogo, dagaa na mawese. Anayenunua anajua muuzaji hana pa kwenda, na bei anaipanga yeye.

Jioni, Makere, dereva wetu alisimamisha gari bila kusema kitu. Akarudi na kiroba cha unga kimejaa nusu.

"Bei ya kutupa," akasema, amefurahi. "Hawa watu wameshiba."

Nyuma hapakuwa na nafasi. Kiroba kilikaa miguuni pangu hadi Kigoma.