45 Years: jicho na sikio viwe wapi unapoitazama

Wengi huizima filamu hii katikati. Hakuna anayefumaniwa, hakuna kofi, hakuna mchepuko unaobisha hodi. Ila ukijua pa kutazama, 45 Years (2015) ya Mwingereza Andrew Haigh haina dakika ya kupoteza.

Kate na Geoff Mercer ni wastaafu wasio na watoto, wanaishi mashambani Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Jumamosi wana sherehe ya miaka 45 ya ndoa. Jumatatu inafika barua ya Kijerumani kutoka Uswisi: umeonekana mwili wa Katya, mpenzi wa Geoff kabla hajamjua Kate. Katya alitumbukia kwenye ufa wa barafu milimani mwaka 1962, na barafu imemhifadhi na usichana wake. Kwa nini barua ije kwa Geoff? Kwa sababu walikuwa wakijitambulisha kama mke na mume ili wapate pa kulala, na Katya alivaa pete ya mti. Kwa hiyo kwenye karatasi za Uswisi, Geoff ndiye ndugu wa marehemu.

Kisa chote kimeshatolewa hapo. Muda uliobaki tunamtazama mke akipiga hesabu upya ya ndoa yake.

Anayeandika miswada ya filamu aanze na kalenda. Siku zinatajwa kwenye kioo moja baada ya nyingine, Jumatatu hadi Jumamosi, na sherehe haiahirishwi. Drama tulivu nyingi hufia hapa: watu wamekaa kimya, lakini hakuna kinachowakimbiza. Hapa kila chai inanyweka huku ukumbi na nyimbo vinasubiri uamuzi. Hata namba 45 ina kazi yake. Mtazamaji atajiuliza mbona si 40 wala 50. Anajibiwa kwa mstari mmoja tu, kwamba ya 40 iliharibika Geoff alipofanyiwa upasuaji wa moyo. Mstari huohuo unamfunga Kate mdomo. Mume mwenye moyo mbovu humfokei ovyo.

Jambo la pili ni kamera. Imeng'ang'ania kwa Kate. Geoff akipanda darini usiku kuzitafuta picha za Katya, sisi tunabaki chini na mkewe. Laiti kamera ingempandia Geoff mara moja tu, tungepewa siri mapema na kuanza kumtetea au kumhukumu yule mzee. Tunajua anachojua Kate, basi.

Halafu Kate anapanda mwenyewe. Usishike simu hapa. Kuna projekta ya slaidi za zamani na kitambaa kilichotundikwa. Anabonyeza, slaidi inabadilika kwa mlio mkavu, anabonyeza tena. Haigh hakatizi kutuonyesha picha ikiwa imejaa kioo. Uso wa Charlotte Rampling, anayeigiza Kate, na picha ya Katya vimo ndani ya fremu moja, kwa hiyo unasoma vyote viwili kwa wakati mmoja. Kisha inakuja slaidi ambayo Katya ameshika tumbo. Ni mjamzito. Hakuna atakayelitamka jambo hilo hadi filamu iishe. Baadaye Kate anamwambia mumewe kwamba angependa kumweleza yote anayoyajua, lakini hawezi. Aliyeikosa slaidi ile hatajua ni yapi, na mwisho wote utampita.

Kwa sauti, tumia spika nzuri au hedifoni. Hakuna muziki wa kukuambia uhuzunike. Nyimbo zote zinatoka ndani ya kisa chenyewe. Mlio wa projekta tunausikia mwanzoni kabisa, kioo kikiwa cheusi, kabla hatujajua ni wa nini.

Mwishoni Geoff anatoa hotuba huku analia, ukumbi unayeyuka, na watazamaji wengi hudhani yameisha. Tom Courtenay, anayeigiza Geoff, anaigiza vizuri kiasi kwamba macho yanamfuata yeye. Mhamie Kate. Wanacheza wimbo wa harusi yao, Smoke Gets in Your Eyes wa The Platters. Wanainua mikono pamoja, kisha Kate anaushusha wake kwa nguvu. Ishara ya sekunde moja imebeba wiki nzima. Waigizaji hao wawili walipewa Dubu wa Fedha, tuzo ya uigizaji bora, kwenye tamasha la filamu la Berlin la 2015, na Rampling akateuliwa kuwania Oscar. Kwa maoni yangu, mkono ule peke yake ulitosha.

Ukiirudia mara ya pili, zitafute picha za Kate na Geoff ndani ya nyumba yao. Miaka yote hiyo, na karibu hawana. Za Katya zimewekwa darini kwa mpangilio. Haigh hatoi maelezo. Ameacha kuta zifanye kazi hiyo.